UPANA WA NJIA NI AMANA: FUNZO LA MJI WA KUFA

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Wengi wetu tukisikia habari za mipango ya miji hudhani kuwa hiyo ni elimu ya wageni isiyohusu vitabu vyetu. Hebu turejee mwaka 17 Hijria (638 Miladia), zama za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.).

Baada ya kufunguliwa Iraq, jeshi la Waislamu chini ya Saad bin Abi Waqqas (R.A.) lilikaa Madain. Anasimulia Imam Tabari kwamba wajumbe wao walipofika Madina, Sayyidna Umar aliwaona wamebadilika rangi. Alipouliza sababu, aliambiwa kuwa hewa ya nchi ile haikuwafaa. Hakuwaambia wasubiri tu. Alimwandikia Saad awatume Salman na Hudhaifa (R.A.) watafute mahali penye siha, wakachagua Kufa.

Msikiti ndio uliopimwa kwanza. Mpiga mishale alisimama kati, akarusha kila upande, na watu wakaamriwa wajenge nyuma ya pale ilipoangukia mishale. Njia kuu ziliwekwa dhiraa 40, zinazofuatia 30, kisha 20, na vichochoro dhiraa 7, visipungue hapo. Nyumba za matete zilipoungua, waliruhusiwa kujenga kwa matofali, kwa sharti kwamba mtu asizidishe vyumba vitatu wala wasishindane kurefusha majengo.

Kipimo cha dhiraa 7 kinaafikiana na hukumu ya Mtume (S.A.W.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwa watu wanaohitilafiana juu ya upana wa njia. Na wanafunzi wetu wa Minhaj wanajua kuwa Imam Nawawi, katika mlango wa sulhu, ameharamisha kujenga dakka au kupanda mti katika njia ya watu wote. Hata roshani inayotokeza juu ya njia ni lazima iinuliwe kiasi cha mtu kupita chini yake akiwa wima.

Ndugu zetu, tujipime. Baraza zimekula njia, mitaro imejengewa juu, maji machafu yametuama, nayo ndiyo makazi ya mbu na njia ya kipindupindu. Mgonjwa hubebwa mgongoni kwa kuwa gari halipiti. Na la kusikitisha zaidi, pengine ukuta uliotokeza njiani ni wa msikiti wetu wenyewe. Nia njema haihalalishi kuchukua haki ya wapita njia, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia.

Basi tunawausia maimamu: kabla ya kuchangisha fedha za kupanua msikiti, ipimwe kwanza njia. Na hukumu hii ifikishwe mimbarini, ili mwenye kujenga ajue kuwa ataulizwa.

Wallahu aalam.