Mto unaopanda ramani

Mnisamehe kwa ukimya, nilikuwa napiga msuli. Leo jioni pale kwenye vimbweta tumebishana mpaka chai ikapoa. Jamaa mmoja kasema eti mto hauwezi kwenda kaskazini, maana utakuwa unapanda! Tukacheka sana, halafu tukamkumbusha Nile. Kaskazini ni juu ya karatasi tu, maji yanafuata mteremko.

Kilichonirudisha hosteli nikiwaza ni mto mwingine, Mackenzie wa Kanada. Unatoka Ziwa Great Slave, unakwenda kilomita 1,738 hadi Bahari ya Aktiki. Wadene wanauita Deh Cho, na Wainuvialuit wa karibu na bahari wanauita Kuukpak. Majina yote mawili maana yake ni mto mkubwa.

Sasa sikilizeni kisa chake. Mwaka 1789 Mskoti mmoja mfanyabiashara wa manyoya, Alexander Mackenzie, aliufuata akitafuta njia ya kwenda Bahari ya Pasifiki. Mwenzake wa biashara, Peter Pond, alishaamini kwamba maji yale yanamwagika huko. Aliondoka Fort Chipewyan tarehe 3 Juni kwa mitumbwi ya magome. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, mto ukaelekea magharibi. Kumbe mbele kuna milima! Mto ukakunja kona kwenda kaskazini, na jamaa akazidi kuisogelea barafu. Katikati ya Julai, kwenye kisiwa karibu na mdomo wa mto, maji yalipanda usiku yakailowesha mizigo yao. Yalikuwa maji kujaa, yaani bahari ipo, ila siyo ile aliyoitaka. Akarudi Fort Chipewyan tarehe 12 Septemba, baada ya siku 102.

Mto ukaja kupewa jina lake. Lakini hakwenda peke yake. Mkalimani wake alikuwa Mchipewyan aliyeitwa English Chief, na njiani walichukua wenyeji wa kuwaongoza, mwingine kwa kulazimishwa. Hao wote kwenye ramani hawapo.

Halafu kuna suala la barafu. Kwa kuwa mto unakwenda kaskazini, majira ya kuchipua yanaanza upande wa juu, kusini. Barafu ya huko inavunjika, mabonge yanateremka na maji, yanakuta chini bado pameganda. Yanajazana, mto unaziba, maji yanaingia mitaani. Mei 2021 iliwakuta watu wa Fort Simpson, wakahama nyumba zao. Mji wa Aklavik, ulioko kwenye delta, ulisumbuliwa na mafuriko mpaka miaka ya 1950 serikali ikajenga mji mpya, Inuvik, ili watu wahamie. Wengine walihama, wengine wakagoma. Aklavik ipo hadi leo.

Miaka ya 1970 likaja bomba la gesi, lipite kwenye bonde la mto huo. Safari hii Jaji Thomas Berger, aliyeteuliwa mwaka 1974, alikwenda kijiji kwa kijiji, akakaa na wavuvi na wawindaji kwenye kumbi zao akawasikiliza kwa lugha zao. Ripoti yake ya 1977 ikasema bomba lisubiri miaka 10, kwanza madai ya ardhi ya wenyeji yamalizwe.

Hapo ndipo nilipopata la kuwaambia. Sisi tunaosoma historia tunakariri sana nani "aligundua" nini. Kwa Mackenzie walipita watu wenye mipango iliyochorwa mbali, mmoja kwa ajili ya manyoya, wengine kwa ajili ya gesi. Ilichukua karibu miaka 190 mpaka mtu atumwe rasmi kuwauliza wenye mto wanaonaje. Na walikuwa na majibu siku zote.

Haya, kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Yule jamaa wa mwaka wa kwanza nimeshamsamehe, bila yeye nisingeandika. Usiku mwema wadau.