Kipima muda cha ruta na ubora wa huduma za intaneti

KATIKA msimu wa korosho wa 2024/2025, minada ya zao hilo ilianza kuendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kwa wakulima wa Likunja na maeneo mengine ya Ruangwa na Nachingwea, wanaohudumiwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, bei ya mnunuzi sasa husafiri mtandaoni sawa na data nyingine yoyote.

Data hukatwa vipande viitwavyo pakiti. Pakiti zinapozidi uwezo wa njia, hupanga foleni ndani ya ruta, nayo huamua ipi itangulie. Uamuzi huo ni nguzo mojawapo ya ubora wa huduma.

Umuhimu wake huonekana zaidi katika njia nyembamba. Pakiti ya baiti 1,500 huchukua takriban milisekunde 188 kupita katika njia ya kilobiti 64 kwa sekunde, ilhali Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) hupendekeza sauti ya simu ifike ndani ya milisekunde 150. Pakiti moja ya barua pepe ikitangulia, mazungumzo yaliyo nyuma yake huvurugika.

Hata hivyo, kupanga zamu pekee hakutoshi. Ruta inayodhibiti kasi hutegemea kipima muda kujua lini itoe pakiti inayofuata. Kikigonga kila baada ya milisekunde 10, ruta inayohudumia njia ya megabiti 10 kwa sekunde hulazimika kutoa baiti 12,500 kwa mkupuo, yaani pakiti kubwa zipatazo nane, kisha isubiri. Kikigonga kila milisekunde 1, mkupuo hushuka hadi baiti 1,250.

Mikupuo mikubwa huzifanya pakiti za sauti, ambazo aghalabu hutumwa kila milisekunde 20, zifike kwa vipindi visivyolingana, na maneno hukatika. Mfumo wa Linux, unaotumika katika ruta nyingi, ulipata vipima muda vyenye usahihi mkubwa zaidi mwaka 2007.

Usahihi huo, hata hivyo, haupanui njia. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini. Wakati wa uhaba kama huo, ruta huamua tu nani apite na nani asubiri. Na katika mnada wenye saa ya kufungwa, anayesubiri aweza kukosa.