Kichaka cha Mwenendega na Haki ya Baba wa Waembu

Historia ya Embu huanzia Runyenjes, mji wa Embu nchini Kenya, katika kichaka cha Mwenendega, yaani msitu mdogo mtakatifu uliowekwa kwa heshima ya baba wa Waembu, ambaye Ngai, Mwenyezi Mungu, alimuumba na kumpa mke mzuri wa sura karibu na mahali paitwapo Mbui Njeru. Mke huyo huitwa Nthara, Mama wa Embu, ingawa wapo wazee wanaomtaja kwa jina la Ciurunji. Mwenendega alijaliwa mali nyingi, na uzao wake ukaenea hata ukaijaza nchi. Wambeere ni ndugu wa Waembu; Wachuka, Wamwimbi na Watharaka ni majirani wao.

Wapo wanaotaka kuwaingiza Waembu katika msafara wa Wameru, ambao husema walitoka Mbwaa, kisiwa cha pwani ambacho wanahistoria kadhaa hukihusisha na Manda, karibu na Lamu. Huko walitumikishwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, mpaka kiongozi wao Koomenjwe alipoyapiga maji kwa fimbo yakagawanyika. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi, waliovuka alfajiri Ndune, wekundu, na waliovuka jua limekwisha kuchomoza Njeru, weupe. Ajabu hiyo ni ya Wameru, nao wana haki ya kujivunia, lakini haimwondoi Mwenendega mahali pake.

Wengine hushika habari ya Kembu na Werimba, mtu na dada yake, watoto wa Mwenendega waliovunja mwiko wa udugu wakafukuzwa na baba yao, kisha wakazaa watu wa Embu. Habari hiyo, badala ya kumshusha mzee huyo, humpandisha, kwa sababu uzao wa waliofukuzwa ndio unaomheshimu aliyewafukuza, na utii wa namna hiyo ndio mzito kuliko wote.

Mataifa mengine huichonga heshima hiyo ya wazazi kwenye jiwe. Huko China, mwaka 745, mfalme Xuanzong wa nasaba ya Tang aliagiza kitabu cha utiifu kwa wazazi kichongwe kwenye jiwe kubwa, ambalo mpaka leo limesimama katika jumba la makumbusho la mawe ya maandishi mjini Xi'an. Waembu huiandika katika majina: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, hivyo kila anayeitwa nyumbani humrudisha mzee wake kinywani mwa jamaa.

Waingereza waliivamia Embu mwaka 1906, wakaweka utawala wao, lakini masimulizi ya wazee yalibaki, na mwaka 1973 mwanahistoria H.S.K. Mwaniki akachapisha kitabu cha historia ya Embu na Mbeere kilichotokana nayo. Kwa hiyo dai la Runyenjes, kwamba Mwenendega ndiye baba wa Waembu, limesimama: baba hujulikana kwa watoto wanaomtunza, na Waembu wanaolilinda jina la Mwenendega na kichaka chake ndio mashahidi wake wa haki.