Maji ndani ya gari: Jinsi ya kuitambua na kuitunza mirija ya dirisha la paa

Mvua zinapoanza mwezi Novemba katika ukanda wa Ziwa Mweru, baadhi ya wenye magari wa Mununga, Kashikishi na Nchelenge hukuta zulia la miguuni limelowa ilhali vioo vyote vilifungwa. Lawama huangukia mpira wa kioo cha mbele, kisha mpira wa dirisha la paa, na wapo wanaoamua kuliziba dirisha hilo kwa gundi. Mara nyingi mpira hauna kosa.

Dirisha la paa, ambalo wengi huliita sanrufu, halikuundwa kuzuia maji yote. Mpira wake huyapunguza tu. Yanayopenya hupokewa na mfereji mdogo unaolizunguka dirisha, na kwa kawaida katika kila pembe ya mfereji huo mna tundu lenye mrija mwembamba unaoyashusha hadi chini ya gari. Mrija ukiziba, mfereji hufurika na maji huingia kwenye kitambaa cha dari.

Magari mengi ya eneo hili yalitumika Japani kabla ya kupitia bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Tunduma na Nakonde, na mnunuzi huletewa sanrufu bila kuiomba. Miezi ya kiangazi huujaza mfereji vumbi. Gari likiegeshwa chini ya mwembe huongezewa maua na majani. Mvua ya kwanza huvigeuza vyote kuwa tope. Nyigu wajengao kwa udongo nao hupenda kuziba ncha za chini.

Ili kuiona mirija, fungua dirisha kabisa na utazame pembe za mfereji. Ile ya mbele hushuka ndani ya nguzo zilizo kando ya kioo cha mbele, na katika magari mengi hutokea karibu na bawaba za mlango au nyuma ya madigadi. Ya nyuma hufuata nguzo za nyuma na kutokea karibu na bampa au gurudumu. Baadhi ya ncha huwa na kifuniko cha mpira chenye mwanya mwembamba, na hapo ndipo uchafu hukwama zaidi.

Mimina maji kidogo, nusu ya glasi yatosha, katika pembe moja baada ya nyingine. Yakitoka chini upesi, mrija ni mzima. Yakisimama, umeziba. Yakitoweka pasipo kuonekana chini, huenda mrija umechomoka. Hapo acha kumimina, kwani itabidi fundi ashushe kitambaa cha dari. Kazi hiyo si ya kubahatisha, maana katika magari mengi mifuko ya hewa ya usalama hupita papo hapo.

Futa mfereji kwa kitambaa kibichi, kisha pitisha taratibu uzi mnene wa nailoni, hata ule wa kuvulia samaki, ukiwa umeviringisha ncha yake ili isitoboe mrija. Waya wa chuma hautakiwi. Hewa ya kujazia matairi pia ni hatari: shinikizo lake laweza kuuchomoa mrija kwenye kiungo chake, na tatizo dogo likawa kubwa. Vifuniko vya chini vibonyezwe kwa vidole mpaka tope litoke.

Zulia lililolowa liinuliwe na sifongo iliyo chini yake ikaushwe juani. Wengi hupuuza hatua hii, lakini ndiyo yenye gharama kubwa: katika baadhi ya magari nyaya na hata kompyuta ya gari hukaa chini ya zulia au pembeni mwa miguu, na kutu huanza bila dalili. Vioo vinavyofanya ukungu kila asubuhi, harufu ya uvundo, au taa za tahadhari zinazowaka na kuzimika ni sababu tosha ya kukagua.

Ukaguzi mmoja hufaa mwezi Oktoba kabla ya mvua, na mwingine mvua zinapokwisha mwezi Aprili. Gari linalolala chini ya mti litazamwe mara nyingi zaidi.