Kukuza mianzi katika vyungu

Mwanzi ni miongoni mwa mimea inayokua kwa kasi kubwa kabisa duniani, na kwa sababu hiyo ni miongoni mwa mimea inayoweza kuwagombanisha majirani. Nchini Uingereza, ambako bustani nyingi za mijini hutenganishwa na ua wa mbao tu, mwanzi uliopandwa na mtu mmoja unaweza kuchipuka katika bustani ya mwenzake miaka michache baadaye.

Sheria za nchi hiyo hazimkatazi mtu kupanda mwanzi nyumbani kwake, lakini jirani aliyeharibiwa mali anaweza kwenda mahakamani kudai fidia. Kwa mpangaji, au kwa mwenye bustani ndogo, njia iliyo salama zaidi ni kuupanda ndani ya chungu. Hata hivyo, njia hiyo ina masharti yake: mwanzi uliofungiwa humtegemea mwenyewe kwa maji, kwa chakula na kwa nafasi.

Ni nyasi, si mti

Ingawa mwanzi una umbo la mti, wataalamu wa mimea huuweka katika jamii moja na mahindi, mpunga na muwa. Kuna zaidi ya spishi 1,400 za mianzi.

Fito zake huota kutoka kwenye mashina yaliyo chini ya ardhi, mfano wa tangawizi. Kila ufito hutoka ardhini ukiwa na unene wake kamili, hufikia urefu wake wote katika msimu mmoja, na haunenepi tena. Nguvu ya mwanzi, kwa hiyo, imo chini, mahali pasipoonekana.

Mianzi hugawanyika katika makundi mawili makubwa. La kwanza ni la mianzi inayotambaa, kama vile Phyllostachys, ambayo mashina yake ya ardhini husafiri mbali. La pili ni la mianzi inayoota kwa mafungu, kama vile Fargesia na Bambusa, ambayo hupanuka polepole kandokando ya shina mama. Kundi hili la pili ndilo linalofaa zaidi kwa chungu, ingawa Phyllostachys nigra, wenye fito nyeusi, hupendwa na wengi licha ya tabia yake ya kutambaa.

Kuchagua kwa hali ya hewa

Fargesia, ambao asili yake ni milima ya China, huvumilia baridi ya Ulaya lakini huteseka kwenye joto kali. Kwa wakazi wa Muscat, Dubai, Mombasa au Dar es Salaam, unaofaa ni Bambusa multiplex, mwanzi wa nchi za joto usio mkubwa mno.

Mwanzi wa milimani wa Afrika Mashariki, unaoota katika safu za Aberdare, mlima Elgon na milima ya Virunga, umezoea ubaridi na ukungu. Kuuhamishia pwani au Ghuba ni kuutaabisha.

Mnunuzi anapaswa pia kujihadhari na jina. Mmea mdogo unaouzwa madukani kama "mwanzi wa bahati", aghalabu ukiwa ndani ya gilasi ya maji, si mwanzi. Ni Dracaena sanderiana, na asili yake si China kama wengi wanavyodhani, bali Afrika ya Kati, ikiwemo Kamerun.

Chungu na udongo

Chungu kinapaswa kuwa na upana na kina cha angalau sentimita 45, na matundu ya kutosha ya kutolea maji. Kiwe na mdomo mpana kuliko kitako. Chenye shingo nyembamba hakitauachia mmea siku ya kuutoa, ila kivunjwe.

Chungu cha kiasi hicho, kikijazwa udongo na kumwagiwa maji, kinaweza kufikia kilo 80 au zaidi. Anayeishi ghorofani hana budi kujua kwanza iwapo roshani yake inahimili uzito huo.

Udongo ulio bora ni ule wa tifutifu uliochanganywa na mboji, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Chungu kiinuliwe juu ya matofali, wala kisiwekwe moja kwa moja ardhini, kwani shina linalotambaa linaweza kupenya kwenye tundu la chini na kuanza safari ile ile iliyokusudiwa kuzuiwa.

Maji, mbolea na baridi

Mianzi mingi ya chungu hufa kwa kiu. Jani la mwanzi hutoa ishara mapema: hujikunja kwa urefu wake, na hukunjuka tena ukinyweshwa kwa wakati. Wakati wa kiangazi huenda ikahitajika kumwagilia kila siku, na katika joto la Ghuba hata mara mbili kwa siku. Huko yafaa chungu kiwe cha rangi isiyokoza na kiwekwe kivulini wakati wa mchana.

Mbolea yenye naitrojeni hutolewa tangu machipukizi yanapoanza kutoka hadi mwisho wa kiangazi. Majani makavu yaliyoanguka juu ya udongo yaachwe, kwani huzuia unyevu usipotee upesi.

Katika nchi za baridi, mizizi iliyo chunguni haina kinga ya ardhi. Wakulima wa bustani hukifunika chungu kwa magunia au blanketi kuukuu, na kuendelea kumwagilia kidogo siku zisizo na barafu, kwa sababu majani ya mwanzi hupoteza maji hata majira ya baridi.

Kuugawa kabla haujajisonga

Baada ya miaka miwili au mitatu, mizizi hujaza chungu kizima na maji hupita pembeni bila kuingia. Fito mpya huwa nyembamba na majani huwa ya manjano. Chungu cha plastiki huvimba, na cha udongo huweza kupasuka.

Dawa yake ni kuutoa mmea mwanzoni mwa majira ya kuchipua, au mwanzoni mwa mvua katika nchi za tropiki, na kuukata vipande viwili au vitatu kwa msumeno. Kila kipande kiwe na fito kadhaa na mashina yake ya ardhini. Kimoja hurudishwa chunguni kwa udongo mpya. Vingine hupandwa vyungu vingine au hupewa rafiki. Fito zilizozeeka hukatwa karibu kabisa na udongo ili kupisha mwanga.

Vipande hivyo vyote, hata hivyo, hubaki kuwa mmea mmoja kwa asili. Spishi nyingi za mwanzi huchanua maua mara moja tu baada ya miongo mingi, kisha hufa. Ndivyo ilivyokuwa miaka ya 1990, Fargesia murielae ilipochanua na kufa katika bustani nyingi za Ulaya. Mwenye kuona mwanzi wake umechanua asijilaumu kwa matunzo: akusanye mbegu, ikiwa zipo, na kuanza upya.