Usakinishaji wa Kuzama

Mwaka 2008 msanii Mwingereza Roger Hiorns alipewa fleti tupu kusini mwa London, katika jengo la manispaa lililokuwa likisubiri kubomolewa. Aliziba kila upenyo, kisha akaijaza lita zipatazo 75,000 za maji ya moto yaliyokolezwa mrututu, dawa ile ya buluu ambayo wakulima wa kahawa hupulizia mibuni dhidi ya magonjwa ya ukungu. Maji yalipopoa taratibu, mrututu uliganda juu ya kila ulichogusa. Yaliyobaki yakavutwa kwa pampu, na mlango ulipofunguliwa, kuta, sakafu, dari, hata bafu la kuogea, vyote vilikuwa vimeota fuwele za buluu zenye ncha. Wageni walivaa mabuti na glavu, maana mrututu ni sumu. Kazi hiyo inaitwa Seizure.

Sanaa ya namna hii naiita usakinishaji wa kuzama, na kila neno hapo lina kazi yake.

Lipo neno jingine ambalo lingefaa: usimikaji. Tunasimika nguzo, tunasimika mtambo, tunamsimika chifu. Lakini kinachosimikwa husimama mbele ya watu, nao wakakitazama. Kusakinisha wengi tumekuzoea kwenye kompyuta, tunapoweka programu mpya. Hata hivyo shina lake ni sakini, yaani kukaa mahali, na maskani ni ndugu yake. Maana hiyo ya makazi ndiyo ninayoitaka. Kazi iliyosakinishwa imekaa ndani ya chumba, na chumba chenyewe ni sehemu yake.

Je, kila usakinishaji ni wa kuzama? Hapana. Huko New York, tangu 1977, kuna ukumbi ambao msanii Walter De Maria aliujaza udongo wa kina cha sentimita 56, uzito wake kama tani 127. Huruhusiwi kuukanyaga, unasimama mlangoni, unautazama, unavuta harufu ya udongo mbichi katikati ya jiji. Ni usakinishaji kamili, na binafsi naupenda sana, ila mtazamaji amebaki kizingitini. Kuzama kunaanza pale mtu anapoingia na kazi ikamzunguka pande zote, asipate pembe ya kusimama nje yake. Nasema kuzama, si kuzamisha, kwa sababu kinachozamishwa ni meli. Mtu huzama mwenyewe: katika kitabu, katika mawazo, na sasa katika chumba.

Wapo wanaotumia sanaa shirikishi kwa maana hiyo hiyo. Hapo ningeomba tutenganishe. Yayoi Kusama, msanii wa Japani, mwaka 2002 alitengeneza huko Brisbane, Australia, kazi iitwayo The Obliteration Room: sebule ya kawaida yenye viti, meza na vyombo, vyote vikiwa vyeupe pe. Watoto walipewa stika za mviringo za rangi rangi wabandike popote wapendapo. Siku zilivyosonga, weupe ukamezwa na madoa. Hiyo ni shirikishi kwelikweli, kwa kuwa bila mikono ya wageni sebule ingebaki nyeupe. Kwa Hiorns, mgeni haongezi hata chembe moja ya fuwele. Amezama, lakini hakushiriki kuitengeneza, na mwandishi wa maelezo ya maonyesho akichanganya maneno haya mawili atampa mgeni matarajio yasiyo yake.

Jengo lile la London lilipofika wakati wake wa kubomolewa, wahifadhi hawakuzibandua fuwele wakazipanga upya kwingine. Walikitoa chumba kizima, kuta zake zikiwa zimeshikana na mrututu, na mwaka 2013 kikafunguliwa tena kwa umma katika Yorkshire Sculpture Park, ndani ya jengo lililojengwa mahsusi kukihifadhi.