Furukombe: ndege, jina na mipaka ya maana yake

furukombe nm [a-/wa-] ndege mbuai mkubwa anayeishi karibu na maji na ambaye chakula chake kikuu ni samaki. Wingi: furukombe.

*Furukombe alijitosa majini akaibuka na mkizi katika kucha zake.*
*Furukombe wawili wametua juu ya mikoko.*

Ndege wawili, jina moja

Jina hili hutumika kwa ndege wawili wasio wa jamii moja. Wa kwanza ni *Haliaeetus vocifer*, mwenye kichwa, kifua na mkia mweupe, anayezaliana kandokando ya maziwa na mito ya bara kama vile Ziwa Viktoria, Naivasha na Rufiji. Ni maarufu kwa ukelele wake. Neno *vocifer* katika Kilatini lina maana ya mwenye kupaza sauti. Wa pili ni *Pandion haliaetus*, mwenye mgongo wa kahawia, tumbo jeupe na utepe mweusi upitao machoni. Huyu ndiye mgeni wa pwani ya Unguja.

Majina ya kitaalamu nayo yanaweza kumpoteza msomaji: *Haliaeetus* na *haliaetus* yote yanatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tai wa bahari. Mfasiri asidhani kwamba kufanana huko ni dalili ya ndege mmoja.

Maisha ya furukombe wa pwani

*Pandion haliaetus* hula samaki karibu pekee, na mwili wake umeumbwa kwa kazi hiyo. Kidole chake cha nje hugeuka nyuma, hivyo humkamata samaki kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma. Nyayo zake zina vijiba vikali vinavyozuia utelezi, na tundu za pua hujifunga anapoingia majini. Hutangulia kwa miguu, wala hafiki chini sana: windo lake ni samaki waliopanda karibu na uso wa maji. Akishapaa, humgeuza samaki kichwa kielekee mbele ili upepo usimchoshe.

Huzaliana Ulaya na Asia, na pia katika pwani za Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi. Katika pwani ya Afrika Mashariki huonekana hasa kati ya Oktoba na Machi, majira yanayokaribiana na ya kaskazi. Wakubwa hurudi kuzaliana. Baadhi ya vijana hubaki kusini mpaka wakomae. Kisiwani Unguja, maji yanayomfaa ni ya kina kifupi yenye mikoko, mfano Ghuba ya Chwaka na Ghuba ya Menai. Katika Mji Mkongwe, ambako ndege wa mapaani ni kunguru walioletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, msemaji aweza kulijua jina la furukombe pasipo kumjua ndege mwenyewe.

Matumizi

1. *Tai*, *mwewe* na *kipanga* si visawe vya furukombe. Anayeandika «mwewe mla samaki» huacha jina lililopo na kuunda maelezo yasiyohitajika.

2. Katika Biblia ya Kiswahili, furukombe ametajwa katika Walawi 11:13 miongoni mwa ndege wasioliwa. Utambulisho wa ndege wa Kiebrania katika orodha hiyo una mabishano, kwa hiyo aya hiyo ni ushahidi wa historia ya neno, si wa elimu ya ndege.

3. Sehemu *-kombe* isihusishwe na *kombe* la mashindano, wala na *kombe* la chaza, kwa kufanana sauti tu.

4. Katika matini ya sayansi au ya hifadhi, jina la kitaalamu liandikwe mara ya kwanza. Tofauti hii si ya mapambo. Ndege wa kwanza hulindwa kwa kutunza miti na maji anapoishi mwaka mzima. Wa pili huhitaji pia usalama wa njia ndefu ya safari na ya nchi anakozaliana. Tafsiri isiyowatenganisha humwelekeza msomaji kumlinda ndege asiye na makao hapo.